Sura ya Nne: Mji Uliojilipia

Mfanyabiashara wa Butembo akiulizwa bandari yake iko wapi, hataji Matadi. Matadi ni bandari ya taifa, lakini iko mwisho mwingine wa nchi, karibu na mahali mto Kongo unapoingia baharini, na hakuna njia ya maana inayoweza kulitoa lori huko likafika Kivu Kaskazini. Bandari yake ni Mombasa. Kontena linashushwa Kilindini, linavuka Kenya, linavuka Uganda kupitia Kampala na Kasese, linafika Mpondwe. Ng'ambo ya kijito ni Kasindi, nchi ya Kongo. Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 hivi, barabara ikikata bonde la Semuliki huku Ruwenzori ikiwa ubavuni. Toka Beni zinabaki kilomita kama 54, na mzigo unaingia Butembo, mji wa vilima ulioinuka zaidi ya mita 1,700, hatua chache kutoka mstari wa ikweta.

Hapo mzigo unafunguliwa na kugawanywa. Vitenge, baiskeli, mabati, pikipiki na dawa vinaelekea Bunia, Isiro, Kisangani na vijiji vya msituni visivyo na jina kwenye ramani. Kwa kila kitu isipokuwa maji, hii ni bandari.

Lakini ninachotaka kukieleza katika sura hii ni nani aliyeujenga mji huu. Serikali ya kikoloni iliupangia kazi ndogo, na serikali zilizofuata zikauachia mambo yake. Hata hivyo una barabara, shule nyingi, chuo kikuu, hospitali na taa. Sehemu kubwa ya hivyo vyote imelipiwa na wenyeji kutoka mifukoni mwao, na wengi waliolipa hawakutajwa siku ya kukata utepe.

Biashara ya hapa ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Wanande, wanaojiita pia Bayira, waliishi katika milima iliyo magharibi ya ziwa Edward na walikuwa wakiteremka bondeni kufuata chumvi ya Katwe, ziwa dogo la chumvi lililoko Uganda ya leo. Walipeleka mazao na mifugo, wakarudi na chumvi, na chumvi hiyo ikaendelea kuuzwa hadi kwa watu wa msituni. Katika miteremko ya Ruwenzori waliwakuta Bakonzo, ndugu zao, ambao lugha yao ni karibu ileile. Kisha mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani wakakubaliana mipaka yao huko Ulaya, na kati ya shangazi na mpwa wake ikapita forodha. Safari ya kufuata chumvi, iliyokuwa desturi ya babu na babu, ikageuka kosa. Watu hawakuiacha. Waliipa jina ambalo Afrika Mashariki nzima inalijua, magendo, na ujuzi wa kuvuka mpaka huo ukarithishwa kama urithi mwingine wowote wa ukoo.

Kuna jambo la pili lililowasukuma kwenye biashara, nalo ni ardhi. Ugonjwa wa malale uliwapiga watu wa bonde la Semuliki, na wakoloni wakawahamisha. Mwaka 1925 ikaanzishwa Hifadhi ya Albert, Virunga ya sasa, ikapanuliwa katika miaka iliyofuata hadi ikachukua sehemu kubwa ya bonde na mwambao wa ziwa. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyokabidhiwa eneo kubwa mno la ardhi ili iwagawie walowezi wa Kizungu. Wenyeji wakabanwa juu vilimani, ambako mashamba yalikuwa yakigawanywa kati ya ndugu na ndugu mpaka yakawa vipande. Kijana ambaye shamba la baba halimtoshi alikuwa na chaguo la kwenda migodini, au kubeba kitu kichwani akakiuze.

Migodi ilikuwa karibu. Mwaka huohuo wa 1928 kampuni ya Minière des Grands Lacs, iliyokuwa ikitafuta dhahabu katika milima ya Lubero, iliweka kambi yake mahali ambapo leo ni Butembo. Beni ilikuwa imetangulia kama kituo cha utawala. Butembo ilianza kama kambi ya kampuni, na tofauti hiyo bado inaonekana. Beni ni mji wa ofisi na askari. Butembo ni mji wa maduka.

Kambi inahitaji chakula. Wafanyakazi wa dhahabu walikula maharage, ndizi na unga wa vilimani, na samaki wa ziwa Edward waliokaushwa kwa chumvi. Kule ziwani, Vitshumbi na Kyavinyonge, ndiko zilikokuwa bandari za kweli za nchi hii, zenye mitumbwi na harufu ya samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Wabelgiji waliuweka uvuvi huo chini ya ushirika uliosimamiwa nao. Vilimani, udongo mzuri na baridi vilifaa mboga za Ulaya: kabichi, karoti, vitunguu, viazi. Mboga hizo zililimwa kwanza kwa ajili ya meza za Wazungu wa migodini na mijini. Baadaye zilipandishwa malori yaliyopita Mambasa na Nia-Nia, katikati ya msitu wa Ituri, hadi Stanleyville, Kisangani ya sasa. Baadhi ya koo zilizotajirika baada ya uhuru zilianzia hapo, kwenye magunia ya maharage na matenga ya kabichi.

Katikati ya mji, hata hivyo, maduka makubwa yalikuwa ya Wagiriki na Wahindi. Mwafrika aliuza alichokilima au alichokinunua kwa jumla kutoka kwao. Kuagiza bidhaa ng'ambo, kupata mkopo wa benki, kumiliki kiwanja kwa hati yake mwenyewe, hayo hayakuwa yake; sheria ya kumruhusu Mkongomani kumiliki ardhi kama mtu binafsi ilikuja mwaka 1953 tu, miaka saba kabla ya uhuru. Watu waliofungiwa mlango wa mbele kwa muda mrefu kiasi hicho walijifunza kuaminiana wao kwa wao, kukopeshana bila karatasi na kutumia jina la ukoo kama dhamana. Naamini hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya biashara ya Butembo, na ilitokana na kunyimwa.

Shule zenye madawati zilikuwa za misheni. Mapadre wa Asumpsio walifika mwaka 1929. Mwaka 1938 Beni ikawa vikarieti ya kitume chini ya askofu Henri Piérard, aliyeiongoza hadi mwaka 1966. Misheni kama Musienene na Bunyuka hazikuwa kanisa tupu. Pale palikuwa na shule, zahanati, tanuri la matofali, karakana ya seremala na bustani. Mtu aliyetaka kutibiwa kidonda, kujifunza kusoma au kujua namna ya kujenga nyumba ya matofali alikwenda kwa mapadre na masista. Serikali iliwapa ruzuku wamisionari wa Kikatoliki wa Kibelgiji kwa sababu ilikuwa rahisi kwake: elimu inatolewa, gharama inapungua, na mtaala unamfundisha Mwafrika kiasi cha kumfanya karani, mwalimu wa kijiji au fundi, basi. Mwenye akili kali aliyetaka kwenda mbele zaidi alielekezwa seminari. Nchi nzima ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongomani waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30.

Upande wa Waprotestanti ulitokea ugomvi ambao vitabu vingi vya historia ya Kongo vinaupita bila kuutazama, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya mambo makubwa yaliyotokea katika milima hii. Wabaptisti kutoka Marekani walikuwa na vituo vyao, kikubwa kikiwa Katwa, pembeni ya Butembo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikubali hatimaye kuzipa ruzuku shule za Kiprotestanti kama ilivyowapa Wakatoliki. Misheni nyingi zilipokea. Hawa wa Katwa walikataa: imani yao ilisema kanisa lisile katika mkono wa serikali. Kwao lilikuwa suala la dhamiri, na lilikuwa na historia yake huko Marekani.

Kwa wazazi wa Katwa lilikuwa suala jingine kabisa. Walimwona mtoto wa jirani Mkatoliki akisoma kwa mwalimu aliyesomea ualimu, katika shule inayotambuliwa, akitoka na cheti kinachomfungulia kazi. Wa kwao alisoma kwa mwalimu mwenye ujira mdogo, katika shule ambayo serikali haiihesabu. Walimu na wazazi wakadai, wakaandika, wakaenda hadi kwa watawala. Wamisionari waliona ni watu wanaopenda dunia kuliko Injili. Mvutano huo ulidumu miaka, na mwaka 1960 kanisa likapasuka, waumini wakigombea shule, majengo na haki ya kujiamulia. Kanisa linaloitwa leo CBCA, lenye shule nyingi na hospitali ya Katwa, limepitia moto huo. Watu walikuwa tayari kugombana na waliowabatiza kwa ajili ya shule ya watoto wao. Kabla hata bendera ya Ubelgiji haijashushwa, walikuwa wamekwisha sema hadharani kwamba elimu si zawadi ya mtu.

Miaka ya kwanza ya uhuru ilikuwa ya vurugu, na waasi wa Simba walipita hapa mwaka 1964. Kilichobadilisha zaidi sura ya soko ni hatua ya rais Mobutu ya tarehe 30 Novemba 1973, alipotangaza kwamba biashara za wageni zikabidhiwe Wazaire, kama Wakongomani walivyoitwa wakati huo. Sehemu nyingi za nchi maduka yaliangukia wanasiasa na jamaa zao, bidhaa zilizokuwa rafuni zikauzwa, na maduka yakafungwa. Butembo haikuanguka hivyo, kwa sababu ilikuwa na watu waliokwisha kujifunza kazi kwa jasho lao. Kisha kahawa ikaja. Baridi kali iliunguza mashamba ya Brazili Julai 1975, bei ikapanda duniani kote, na kahawa ya Beni na Lubero ikawa dhahabu nyingine. Serikali ya Kinshasa ililipa kidogo, ikachelewa, tena kwa zaire, fedha ya nchi, iliyokuwa ikishuka thamani. Ng'ambo ya Semuliki walilipa vizuri. Magunia yakavuka usiku, na malori yaliporudi yalikuwa na sabuni, mafuta na vipuri ambavyo Kinshasa haikuweza kuvileta.

Ukitazama sheria, hayo yalikuwa makosa. Ukitazama mji, ndiyo yaliyoulisha.

Kufikia miaka ya 1980 serikali ilikuwa imeacha karibu kila kitu. Barabara zilimomonyoka, na lori liliweza kukaa matopeni siku nyingi. Hapa ndipo anapoingia Emmanuel Kataliko, aliyezaliwa mwaka 1932 na kuwa askofu wa jimbo hili mwaka 1966 baada ya Piérard. Mahubiri yake hayakuishia altareni. Aliwahimiza waumini kutengeneza barabara kwa jembe na mikono yao, kupanda miti, kujenga shule na zahanati. Wafanyabiashara walichanga, parokia zilisimamia, na kwenye barabara zikawekwa vizuizi ambapo kila lori lililipia matengenezo. Mwaka 1989 akaanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Mtoto wa Butembo aliyetaka udaktari, sheria au kilimo cha kisasa hakulazimika tena kusafiri hadi Kinshasa au Lubumbashi, safari iliyohitaji ndege na akiba ya familia nzima.

Mwaka 1997 Kataliko aliwekwa askofu mkuu wa Bukavu, kuchukua nafasi ya Christophe Munzihirwa aliyeuawa mwaka uliotangulia. Alipowaandikia waumini wake waraka wa Noeli ya mwaka 1999 akiilaani dhuluma ya walioitawala Kivu kwa bunduki, waasi wa RCD walimzuia kurudi Bukavu. Februari 2000 alipelekwa uhamishoni, na mahali walipompeleka palikuwa Butembo, katikati ya watu aliowafundisha kujenga. Aliruhusiwa kurudi Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huo. Nikitafuta mtu mmoja aliyeshika pamoja biashara, shule na huduma za mji huu, simwoni mwingine wa kumzidi.

Wafanyabiashara nao walikuwa wamefika mbali. Kuanzia miaka ya 1990 walikwenda Dubai, kisha Hong Kong, Bangkok, Jakarta na Guangzhou. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kuiga. Kadhaa wanaweka pesa pamoja, mmoja anasafiri kwa niaba ya wote, kontena linajazwa bidhaa za kila mwenye sehemu, na likifika Butembo kila mtu anachukua chake. Mikataba yao mara nyingi haikuandikwa. Anayewadhulumu wenzake anapoteza zaidi ya pesa: hapewi tena mzigo, hakopeshwi, na wanawe wanaulizwa habari zake wanapoposa. Chini ya hao wakubwa wako akina mama wa sokoni, wauza nyanya, mafuta ya mawese, unga wa muhogo na samaki wa Kyavinyonge, na likirimba yao, upatu wa kila wiki. Fungu la likirimba likimwangukia mama mwezi wa Septemba, unajua linakokwenda. Shule zinafunguliwa.

Hao akina mama ndio walioibeba elimu. Mapema miaka ya 1990 walimu wa Zaire waligoma kwa sababu mishahara haikuja, na maaskofu wakakubaliana na wazazi kwamba wazazi wamlipe mwalimu ili darasa lisifungwe. Malipo hayo, yaliyojulikana kama prime, yalikusudiwa kuwa ya muda. Yalidumu zaidi ya miaka 25. Kizazi kizima cha Beni na Butembo kilisomeshwa kwa pesa ya nyanya na maharage, na asiyelipa alifukuzwa darasani akalete.

Wakati wa vita, baada ya mwaka 1998, mji ulijiendesha karibu kama nchi ndogo. Waasi wa RCD-ML wa Mbusa Nyamwisi, tawi lililojitenga na RCD, walihitaji pesa. Wafanyabiashara walihitaji mpaka wa Kasindi uwe wazi na mzigo upite bila kuporwa. Walipatana: kodi ilipwe mapema, kwa kiasi kilichokubaliwa. Sehemu ya pesa hizo na michango mingine iliingia katika kazi za mji, hata jengo la ofisi ya meya, ambalo wafanyabiashara walilichangia. Walianzisha kampuni ya umeme, SENOKI, mji ulipokuwa hauna hata nguzo moja ya shirika la taifa na kila duka likiunguruma kwa jenereta yake. Siku hizi nyaya zimeanza kufika kwa njia ya kampuni binafsi na mitambo ya umeme wa maji ya Virunga, kama ule wa Mutwanga uliowashwa mwaka 2013 na ule wa mto Luviro huko Lubero.

Watafiti wa ng'ambo wameandika mengi kuusifu ujasiri huu, na unastahili sifa. Lakini nataka tutazame hesabu upande wa pili. Mfanyabiashara anayechanga barabara huongeza mchango wake kwenye bei ya sabuni. Lori likilipa kizuizini, anayelipa hasa ni mnunuzi wa chumvi kule Manguredjipa. Aliyewalipa waasi kodi ya mapema alipata faida ya kuwa wa kwanza, na mdogo asiye na kontena hakuitwa kwenye mazungumzo. Tena kazi ambayo watu wamejitolea haina wa kuulizwa ikiharibika. Wakubwa walichagua daraja gani lijengwe, na vijiji visivyokuwa kwenye njia ya malori vilibaki na matope yao.

Desturi hii ya kujitegemea ilikutana na mtihani mkali tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa Mangina, karibu na Beni. Eneo hilo lilikuwa likichinjwa tangu Oktoba 2014, watu wakiuawa kwa mapanga usiku, na msaada uliokuja ulikuwa mdogo. Ghafla magari ya kigeni yakajaa barabarani, pesa zikamiminika kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Kisha mwishoni mwa Desemba 2018 serikali ikaahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo kwa hoja ya Ebola na usalama, huku karibu nchi nyingine yote ikipiga kura. Watu walijumlisha wenyewe. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa katika hospitali ya chuo cha Graben, katikati ya kazi yake. Hakuna udhuru wa mauaji hayo. Ila anayeshangaa kwa nini mji ulioshindwa kuamini ulikuwa huu, asome tena miaka 90 iliyotangulia. Ugonjwa ulipotangazwa umekwisha, Juni 2020, ulikuwa umewaua watu 2,287. Kati ya walioukabili nyumba kwa nyumba walikuwamo wauguzi wa hapa hapa, waliosomea kwa ile pesa ya soko.

Tangu hapo mambo hayajatulia. Msafara wa malori kati ya Beni na Kasindi umekuwa ukihitaji kusindikizwa na askari. Mwaka 2024 waasi wa M23 walichukua Kanyabayonga na Kirumba, njia ya Butembo kwenda Goma ikawa mikononi mwao, na Goma ilipoanguka Januari 2025 makao ya muda ya serikali ya jimbo yakahamia Beni. Ule mji wa ofisi ukapata ofisi kubwa kuliko zote ulizowahi kuwa nazo, na pamoja nazo maelfu ya wakimbizi wanaohitaji shule na maji.

Septemba 2019 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure Kongo nzima, na prime ikafutwa katika shule za msingi za serikali, zikiwamo zinazosimamiwa na makanisa. Madarasa yakafurika. Lakini walimu wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara, wapo walioitwa “wapya” na wengine “wasiolipwa”, na wakaingia darasani hivyohivyo. Mzazi wa Butembo ambaye mama yake alilipa prime sasa anaulizwa tena kama anaweza kumsaidia mwalimu kidogo, ila safari hii sheria inasema asilipe. Anastahili kujibiwa na serikali, siyo na kanisa wala na tajiri wa mjini, kwa sababu kodi ya Kasindi anailipa kila anaponunua mche wa sabuni.